Kiganja cha Unga

Mama Skola alizikwa Heru Juu, huko Kasulu, wiki tatu zilizopita, na mimi sikwenda. Mwanawe Nestori alinipigia simu asubuhi nikiwa natafuta miwani, akasema, "Nesi, Mama ametuacha," nikajibu maneno yale ambayo kila mtu huyajibu, kisha nikakaa kitandani na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kutoka hapa Muheza mpaka Kasulu ni safari ya siku mbili kwa mtu mwenye magoti mazima, na yangu si mazima. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Nestori. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kufika kwenye ua ule nikute wajukuu wasionijua, wanitengee meza ndani, wanifunikie chakula changu peke yangu kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, na pembeni yangu asiwepo mtu hata mmoja wa kuniuliza kwa nini sili.

Habari za kwetu na nani alinizaa hazina kazi hapa. Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja, ule niliokuwa na miaka ishirini na nne, nesi mpya mwenye sare mbili na kichwa kilichojaa majibu. Nilianzia upande wa Kibondo, Busunzu, nikakaa miezi miwili, kisha nikahamishiwa zahanati ya Heru Juu kwa sababu nesi wa pale alikwenda kwao kujifungua na hakurudi. Nikapewa chumba kwenye ua wa Mzee Ruhuza. Kilikuwa kimeshikana na jiko la familia, na ukuta uliotutenganisha haukufika juu mpaka kwenye bati, kwa hiyo moshi wao ulikuwa wangu na maneno yao yalikuwa yangu pia. Nilikuwa na kitanda, ndoo mbili na jiko la mchina lililonuka mafuta ya taa hata likiwa limezimwa. Kwenye jiko hilo nilipika chai. Nikiulizwa leo nilikuwa napika nini kingine, sina jibu. Jioni nilikula mkate wa kutoka Kasulu mjini, mkavu, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, nimesimama na mlango nimeufunga, maana niliona haya mtu mzima, tena nesi, kuonekana nakula vile. Watoto wa ua ule, nilikuja kuambiwa baadaye, waliamini ninaficha nyama.

Upweke wa kukosa watu nauweza. Ule wa kusikia watu wakila upande wa pili wa ukuta, huo sijauzoea mpaka leo. Wanawake na watoto walikula jikoni, wameizunguka sahani moja. Wanaume walikula barazani, nao sahani moja: Mzee Ruhuza, Nestori, na yeyote aliyepita njia saa ile, kwa sababu pale kumpita mtu anayekula bila kukaa ni kumtukana. Ilikuwa sahani kubwa ya bati yenye maua mekundu, na juu yake kilima cha ugali wa muhogo, maharage yakielea kwenye mawese. Hakuna aliyegusa mpaka Mzee amege tonge la kwanza. "Ego, tule," alikuwa akisema, maana ego kwao ni ndiyo, na baada ya hapo zikasikika sauti za kutafuna, ubishi juu ya mbolea, na kicheko cha Nestori kinachoanzia puani. Mimi upande wangu nilikuwa nachovya mkate.

Mzee Ruhuza alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio makubwa na adabu nyingi. Siku aliyokuja zahanati alisubiri wagonjwa wote waishe. "Nesi," akasema, "nina aibu. Nakunywa maji mtungi mzima. Na nikikojoa kule nyuma ya migomba, sisimizi wanafika kabla sijafunga suruali." Nilicheka, yeye hakucheka. Nilichukua mkojo wake, nikauchemsha na ile dawa ya bluu juu ya taa ya spiriti, na bluu ikageuka kijani, ikawa njano, ikaishia kwenye rangi ya tofali la kuchoma. Alikuwa na kidonda pia, kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, ambacho hakukisikia kabisa. Hospitali ya Kasulu walithibitisha kisukari, wakampa vidonge, wakamwambia kwamba mambo ya chakula atafundishwa na nesi wake.

Nesi wake ndiye mimi. Nikatoa karatasi niliyokuja nayo kutoka chuoni. Leo daktari kijana wa hapa Muheza amenipa karatasi kama ile ile, maana sukari yangu nayo imepanda, na nilipoiona nilitamani kumwomba radhi marehemu. Ilisema mkate wa ngano isiyokobolewa. Ilisema tufaha moja. Ilisema maziwa yaliyotolewa mafuta. Nilisimama mbele ya jiko la mkewe, Mama Skola, mwanamke aliyelima muhogo, maharage na mahindi tangu alipojua kushika jembe, nikamsomea habari za tufaha. Alinisikiliza mikono ameikunja kifuani. Aliniuliza swali moja tu: "Hilo tufaha linaota wapi?" Nikakasirika, nikadhani ananikejeli. Kwa kuwa tufaha halikuwepo, nikatoa amri za kwangu: Mzee apikiwe peke yake, sufuria yake, ugali kiasi cha ngumi, majani mengi, mawese marufuku, sukari marufuku, na yote yaanze kesho.

Wale watu walikuwa na utii ambao sijauona tena. Nestori alikwenda Kasulu mjini kwenye duka la Bwana Salumu, akarudi na sufuria ndogo, sahani ndogo, bakuli na kikombe chenye mfuniko. Mafiga matatu mapya yakawekwa nyuma ya jiko. Na kwa kuwa aibu ni kumkalisha mtu barazani mbele ya chakula asichokila, Mzee akawekewa kigoda huko huko nyuma, karibu na dirisha langu. Barazani Nestori ndiye aliyeanza kumega tonge la kwanza. Siku ya kwanza nilimsikia akisema, "Haya, tule," na sauti yake haikuwa na nguvu.

Sikuona nilichokifanya. Niliona nidhamu, nikafurahi, hata nikaandika kwenye daftari la zahanati kwamba familia ina ushirikiano mzuri. Kilichonipita ni kwamba katika kijiji kile ugonjwa mmoja tu ndio uliokuwa ukitengewa sahani na kikombe chenye mfuniko, nao ni kifua kikuu. Baada ya wiki mbili wapitaji wakaanza kupita. Walisalimia kutoka njiani, "Mwakeye!", wakapiga makofi ya adabu, wakaongeza mwendo. Kwenye pombe ya ndizi ya jirani, Mzee alipewa mrija wake peke yake. Jioni moja nilimsikia chini ya dirisha langu akiongea na kuku. "Njoo wewe," alikuwa akimwambia. "Njoo, wewe huogopi." Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Tulikuwa watu wawili tunaokula peke yetu, hatua tatu kutoka mmoja hadi mwingine, na mmoja wetu alikuwa amefikishwa pale na mwenzake. Sikutoka nje. Nilizima jiko na nikalala, na hilo naliandika hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Mwezi uliofuata akasema anakwenda Busunzu kumsalimia binti yake Skola aliyeolewa huko. Siku nne, alisema. Zikapita wiki tatu. Mkwe hakai kwa wakwe wiki tatu, hata mtoto mdogo anajua, na Mama Skola akaanza kuamka na macho mekundu. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya kuchukua chanjo Kibondo, akanishika mkono. "Nesi, pita Busunzu. Mwambie nyumba inamngoja."

Nilimkuta mchana, wakati wa kula. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na mkwewe na wazee wengine watatu, mbele yao sahani moja kubwa, na yeye, kama mkubwa wa wote, ndiye alikuwa anamega kwanza. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti kubwa. Alikuwa anasimulia kitu, mkono juu, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na wenzake wanajifuta machozi kwa kucheka. Mguu wa kulia ulikuwa peku. Wa kushoto ulikuwa ndani ya buti la mvua, na jua lilikuwa linawaka. Aliponiona aliushusha mkono. Nilipomvua lile buti mwenyewe, pale pale, harufu iliwainua wazee wote kwenye mkeka.

"Mzee, utakufa," nikamwambia kwa ukali, maana nilikuwa naogopa.

"Ego," akajibu, kwa adabu ile ile. "Lakini hapa mimi ni mtu, mwanangu. Kule kwangu mmeniweka na kuku."

Kidole kilikatwa Kasulu wiki ile. Daktari alinivuta pembeni, akanionyesha kwa kiganja mahali pa mguu, chini kidogo ya goti. "Sukari isiposhuka, safari ijayo ni hapa," akasema. "Na wazee hawa wakikatwa hapo, hawamalizi mwaka." Nilirudi Heru Juu nikiwa nimeishiwa. Nilikwenda jikoni kwa Mama Skola, nikakaa chini kwenye kinu kilicholazwa, nikamwambia kwamba sijui la kufanya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nivae sare kusema maneno hayo. Yeye alikuwa anachambua maharage. Hakuniangalia.

"Umenifundisha vizuri kitu kimoja," akasema. "Ugali mwingi unamuua. Hilo nimelisikia. Lakini wewe ulimtoa mtu kwenye sahani. Mimi nitaitoa sahani kwa mtu. Polepole. Mvua ya polepole ndiyo inayoingia ardhini."

Sikumwelewa mpaka nilipoanza kuona. Sahani ndogo na kikombe cha mfuniko vilipotea. Mafiga ya nyuma ya jiko yakang'olewa. Mzee akarudishwa barazani, tonge la kwanza likawa lake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikasikia, "Ego, tule." Halafu jikoni, upande wa pili wa ukuta wangu, kila Jumapili baada ya misa, nikawa nasikia sauti ya unga ukirudishwa kwenye debe. Kiganja kimoja. Wiki nzima ugali ulisongwa hivyo, upungufu wa kiganja kimoja kwa sahani ya watu wanne, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna anayehisi kiganja. Jumapili iliyofuata, kingine. Mahali pa unga ule pakaingia maharage zaidi, na lengalenga, mchicha wa kule, na matembele, na siku za bahati dagaa. Sukari ya birika ilipungua kijiko kimoja kila mwezi, na tangawizi ikaongezeka, mpaka Nestori akawa anaisifu chai. Mawese aliyapunguza kwa hila ambayo sijaisahau: alibadilisha upawa, akaanza kutumia mdogo. Na akaanza uvivu wa kujifanya. Saa ya kula alitanguliza bakuli la mboga na maharage barazani, akisema kwa sauti ya kulalamika kwamba ugali haujaiva, kuni zina maji, wavumilie. Wanaume wenye njaa hawavumilii. Ugali ulipofika, walikuwa nusu wameshiba.

"Na wewe utakula naye," aliniambia siku moja, bila kuuliza.

"Barazani? Na wanaume?"

"Nesi ni mtu wa serikali," Nestori akadakia kutoka nje, akicheka kwa pua. "Mtu wa serikali si mwanamke."

Mama Skola alikuwa na sababu yake. Pale mwenye nyumba hawezi kuinuka mgeni bado anakula, wala hawezi kula mbio mgeni akila taratibu. Kazi yangu ilikuwa kula kama mtu aliyetumwa kuhesabu punje. Nilikuwa namega tonge dogo, nalizungusha mkononi, nauliza swali. Mzee, kwa adabu zake, alilazimika kunipa majibu marefu, na mtu anayesimulia hawezi kula. Nilijifunza habari za kila ng'ombe aliyewahi kumfia. Wiki ya tatu niliona nimeacha kununua mkate. Wiki ya tano au ya sita niligundua kwamba mlango wa chumba changu hauna sababu ya kufungwa jioni, kwa kuwa simo ndani. Sikuwa nimepona upweke, nisidanganye. Nilipolala bado nilikuwa binti wa mbali katika kilima cha watu wengine, wenye lugha yao ambayo walihamia kila walipotaka kusema jambo la moyoni. Lakini kwa nusu saa kila siku mkono wangu ulikuwa kwenye sahani ambamo mikono mingine ilikuwamo, na mtu akinisogezea upande wangu kipande cha dagaa bila kusema kitu.

Sahani ya maua mekundu nayo ikabadilishwa. Mama Skola alisema imetoboka. Iliyokuja badala yake ilikuwa na maua yale yale, ila ndogo kwa vidole viwili kila upande, na kilima cha ugali juu yake kilionekana kirefu kama zamani. Watu wakaanza tena kukaa wanapopita. Na kila Jumatatu asubuhi nilichemsha mkojo wa Mzee, na rangi ya tofali ikawa chungwa, miezi ikapita ikawa njano, ikawa kijani cha jani bichi. Kidonda kilifunga kutoka ndani, kama kinavyotakiwa. Siku dawa ilipobaki bluu, nilikimbia na kile kichupa kutoka zahanati mpaka jikoni, sare imejaa vumbi. Mama Skola alikiangalia kichupa, akaangalia barazani alikokaa mumewe, akafunika mdomo kwa kanga akacheka mabega yakitetemeka. "Hajui," akaninong'oneza. "Mawe! Mama yangu, hajui kitu."

Barua ya uhamisho ilikuja mwaka unaisha. Jioni ya mwisho nilikula barazani. Nestori alikuwa Manyovu kwenye shughuli zake za mpakani, hivyo tulikuwa wawili tu, Mzee na mimi. Mama Skola alileta mboga, akalalamikia kuni kama kawaida, akarudi jikoni. Mzee alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia. Kisha akainama kwangu.

"Vimefika viganja kumi na viwili," akasema.

"Vya nini, Mzee?"

"Vya unga. Na sukari kwenye birika, vijiko vinne. Na hii sahani si ile. Ile iko darini, haina tundu hata moja. Niliiona nikitafuta jembe."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu cha kwanza. Nimekula ugali wa mkono ule miaka thelathini na sita, nisijue umepungua?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ningeambiwa ni kwa ajili ya ugonjwa. Ningeambiwa ni kwa ajili ya ugonjwa, mngenirudishia sufuria yangu." Alichukua lengalenga kwa vidole vitatu, akatafuna, akameza. "Na wewe usimwambie, mwanangu. Anafurahi sana kunidanganya. Akishalala huwa anacheka."

Mama Skola akatokea na ugali, jasho usoni, akauweka katikati yetu, akasema kuni za siku hizi ni balaa. Mzee akampa pole. Akamega tonge la kwanza.

Sikumwambia. Niliwaandikia barua, baadaye simu zikaja tukawa tunaongea kila Pasaka, na sikumwambia. Mzee Ruhuza aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, kwa miguu yake miwili. Siku ile Mama Skola alinipigia mwenyewe, analia, na katikati ya kilio akaanza kucheka kile kicheko cha kufunika mdomo. "Nesi," akasema, "amekwenda hajui." Nikamjibu, "Kweli, mama. Hakujua." Katika kazi yangu yote nimewaambia watu ukweli kuhusu chakula chao, maelfu ya watu, na wengi wao walirudi kwangu wagonjwa zaidi. Huo uongo mmoja ndio ninaojivunia.

Sasa wote wawili hawapo, naweza kusema. Jana nilitoa unga kwenye mfuko, nikaupima, nikarudisha kiganja kimoja, kama daktari wangu anavyotaka, kidogo kidogo. Nikasonga, nikala. Ulikuwa mdogo na niliuona kuwa ni mdogo, kwa sababu humu ndani hamna mtu mwingine wa kuupunguza nisijue.